Mtoto wa Nani Wewe?

Mwaka jana waliniita Nizwa, kwenye semina ya wanawake wenye biashara ndogondogo, nikaeleze namna ya kujitangaza bila kuvunja kibubu. Kabla yangu alizungumza binti mmoja msomi, Israa, Mungu amzidishie, akaonyesha picha ukutani: karatasi za rangi, kalamu zenye jina la duka, ujumbe wa simu. Zamu yangu ilipofika nikasema mimi sina picha, mimi nilimweka mama yangu kwenye simu. Ukumbi mzima ukacheka. Nikawaacha wacheke, kwa sababu hata mimi, siku lilipotokea, sikujua kuwa ni jambo la kushukuru. Nilitaka kuung'oa waya wa simu ukutani.

Ilikuwa mwaka 1997, Ibra, mji wetu huku Oman. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nimerudi kwa mama yangu Bi Khole, mjane aliyezaliwa Unguja mjini na kuletwa Oman na baba wakati mimi bado wa kubebwa. Nilipata leseni ya kufundisha udereva, nikanunua Corolla nyeupe, nikaitia mistari myekundu na kibao cha mafunzo juu yake. Mwalimu wa kike mwingine pale mjini sikumjua. Nikadhani wanawake watanipangia foleni mlangoni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wanasema. Aliyesema hivyo hakuwa na gari la kutia mafuta.

Kaka yangu Zakariya alikuwa na kazi nzuri Maskati, na alikuwa amekwisha kunitafutia kiti cha ukarani kwenye kampuni yao.

"Nakupa mpaka Idi," aliniambia. "Ukiwa huna wanafunzi, gari tunaliuza, unakuja huku."

Kuondoka kwangu kulikuwa na maana moja tu: mama kubaki peke yake. Maskati hakuitaka hata kwa kuonyeshwa. "Baba yenu kazikwa hapa," alikuwa akisema, "na mie hapahapa." Nami, nisiseme uongo, niliipenda ile kazi. Nilipenda kumwona mwanamke mzima akishika usukani kwa mara ya kwanza, hata kama mpaka wakati huo nilikuwa nimemwona mmoja tu, naye alikuwa binamu yangu, tena bure.

Basi nikajitangaza kimaskini. Nilianza na soko la Jumatano, lile la wanawake watupu. Nikatandika mkeka kati ya wauza manukato na wauza nguo za watoto, mimi nikiuza maneno. Niliwaambia somo la kwanza bure. Walinisikiliza vizuri, wakanihurumia, mmoja akanigaia ubani. Lakini kila mmoja alinijibu lilelile: baba watoto ndiye wa kuamua, niandikie nambari nimpelekee. Nikaona hilo nalo neno. Nikaandika karatasi kwa mkono, "Mwalimu wa kike wa udereva, Basma," na chini yake nambari ya simu ya nyumbani, nikazitoa kopi, nikabandika kwa mwoka mikate, kwa mshona nguo na kwenye mlango wa zahanati. Mama sikumwambia. Jina la binti yake kwenye ukuta wa mwoka mikate, wanaume wanalisoma huku wanangojea mikate, lingemuua kwa haya.

Shaabani ikapita, Ramadhani ikaingia. Mchana kutwa nilikuwa nje na gari, nikiliegesha hapa na pale ili lionekane. Nikirudi namuuliza, "Mama, kuna mtu alopiga simu?"

"Hakuna wa maana," hunijibu, kisha hugeukia mchele wake akaendelea kuuchambua.

Siku moja nilirudi mapema, kichwa kinaniuma, nikaingia jikoni kukanda unga wa sambusa. Simu ikalia. Kabla sijafuta mikono mama alikwisha kuifikia. Nikamsikia akisema kwa Kiarabu chake, kile cha kuchanganya na Kiunguja akikasirika:

"Basma? Basma gani? Unamtakia nini Basma? ... Mkeo? Mkeo hana mama akamfundisha? ... Haya, mtoto wa nani wewe? Nakuuliza, mtoto wa nani? Baba yako anajua kama mwezi mtukufu huu wapiga simu majumba ya watu kutafuta wanawake? Nyumba hii haina mwanamme, lakini ina mie! Mwone kwanza!"

Akaubwaga mkono wa simu kwa kishindo. Alipogeuka akanikuta nimesimama mlangoni, unga mpaka kwenye viwiko.

"Mama," nikasema, "huyo nani?"

"Usijali mwanangu. Wahuni tu."

"Wamepiga wengi?"

"Tangu Shaabani hawanipi raha. Nami sikutaka kukwambia, maana najua mwanamke akishaachika watu humfanya mchezo. Tena wote wana uongo mmoja, wallahi. Mke wangu, mke wangu, nataka umfundishe mke wangu. Nikasema hawa wamefundishana."

Nililia kwa hasira. "Mama, hao ndio wateja! Hao ndio nilokuwa nawangojea! Nimezunguka mji mzima nabandika karatasi, kumbe wanapiga na wewe unawafukuza!"

Ilibidi nimweleze juu ya karatasi, mwoka mikate na yote. Nilitegemea atanigombeza kwa kulitundika jina langu ukutani. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na simu, akaiinamia ile simu. Mwisho akasema, "Nilidhani nakulinda."

Jua lilipotua alifungua kwa tende na maji, na sambusa hakuigusa. Nami sikumbembeleza. Nilikuwa na roho nyeusi siku ile. Nilimpigia Zakariya palepale, mama anasikia, nikamwambia nimeshindwa, atafute mnunuzi wa gari. Akasema mnunuzi anaye, atakuja naye siku ya Idi. Mama akainuka, akaenda kusali.

Siku mbili tatu tuliishi kwa salamu tu. "Shikamoo mama." "Marahaba." Basi. Simu haikulia tena, na mama, ambaye zamani aliikimbilia, sasa akipita karibu yake aliipa mgongo.

Alasiri moja tukasikia hodi. Mama akafungua lango, mimi nyuma yake. Nje kulikuwa na kijana aliyevaa kanzu ya dishidasha iliyopigwa pasi vizuri, mwanamke aliyejifunika vizuri, na kati yao mzee mwenye bakora.

"Khalati," yule kijana alimwita mama, kama anavyomwita mama yake mdogo, "ni wewe uliyejibu simu juzi?"

Mama yangu, aliyekuwa na jibu la kila mtu, akauvuta mtandio wake kichwani. Akaitikia kwa kichwa.

"Uliniuliza mtoto wa nani. Ukaikata kabla sijakujibu." Akamshika mzee mkono. "Nimekuja kukujibu. Mimi ni Khalaf, na huyu ndiye baba yangu, Amur."

Mzee Amur akagonga bakora chini. "Wangu huyu," akasema. "Na hii simu aliyopiga nilikuwa naijua. Huyu mkewe, Ghalia. Mfundisheni gari, maana mimi nimechoka kumngojea mwanangu arudi kutoka kazini ndio nipelekwe hospitali."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nikawakaribisha ndani; nyumba waliijua kwa lile gari la mistari myekundu nje. Lakini Khalaf alikuwa bado na lake. Akatusimulia kwamba jioni ile alipokatiwa simu alikwenda kwenye sabla yao, baraza la wanaume, akawahadithia kama kichekesho. Kumbe nusu ya waliokuwepo walikwisha kugombezwa na bibi huyohuyo! Mmoja aliambiwa atashtakiwa kwa kadhi. Mwingine, mtu mwenye mvi, aliulizwa kama kapewa ruhusa na mama yake. Walicheka mpaka machozi. Kisha wakaanza kusema maneno ya maana. Wengi wao walikuwa wakitaka wake zao wajifunze, ila roho zilikuwa na wasiwasi: mwalimu huyu ni nani, nyumba yake ikoje, nani anaingia na kutoka.

"Nikawaambia," Khalaf akasema, "nyumba ambayo mwanamme hawezi hata kulitaja jina la binti kwa simu, hapo mke wangu namkabidhi nikalala usingizi. Hata nani anitangazie mwalimu mwingine, simtaki."

Nilimtazama mama. Alikuwa akilia, upande wa mtandio uko mdomoni. Nikaenda nikambusu mikono, ule wa kulia na ule wa kushoto, mbele ya wageni, na sikuona haya. Nilimwomba radhi. Akanisukuma, "Nenda kawaletee watu maji... ah, Ramadhani, tumefunga. Nenda kalitoe gari nje basi!"

Tangu siku ile simu haikunyamaza, na mama ndiye aliyeijibu. Wanaume sasa walianza kwa kujitaja wenyewe kabla ya salamu, fulani bin fulani, wa kijiji fulani, na mama akiwauliza juu ya shangazi zao. Zakariya alipokuja Idi na mnunuzi wake hakunikuta. Nilikuwa uwanjani na Ghalia, anajifunza kurudi nyuma katikati ya mapipa, na mama yuko kiti cha nyuma na chupa yake ya chai, akipiga kelele, "Pipa, pipa, utalibusu pipa!" Zakariya alimpeleka mnunuzi nyumbani, akamlisha pilau, akamrudisha Maskati.

Na neno la pili la biashara ni la mama pia. Ghalia alipofaulu mtihani, mama akasema, "Karatasi zako zitupe. Alofuzu mpeleke akaonekane." Jumatano ile Ghalia aliendesha mwenyewe mpaka soko la wanawake, mama kakaa mbele pembeni yake, kavaa buibui lake jipya, anapunga mkono kama bibi harusi. Yule aliyenigaia ubani aliacha manukato yake juu ya mkeka akatufuata mpaka garini. Kila mwanafunzi wangu aliyefaulu baada ya hapo, safari yake ya kwanza ilikuwa soko la Jumatano. Haikunigharimu hata baisa.

Mama alifariki mwaka 2005, akazikwa Ibra, karibu na baba, kama alivyotaka. Sasa nina magari matatu na walimu wawili, na simu ya mkononi kama watu wote. Lakini kwenye milango ya magari nambari ni ileile ya nyumbani, na simu iko palepale, karibu na kiti chake.

Niliporudi kutoka Nizwa niliikuta inalia. Nikaipokea. Sauti ya kijana ikaniuliza kwa adabu kama hapa ndipo wanapofundisha gari wanawake, anataka kumleta mkewe. Nikamwambia ndiyo, karibu sana.

"Samahani," akasema, "labda nimekosea nambari. Baba yangu alinambia nikipiga nitagombezwa kwanza, na nisipogombezwa nikate, maana siyo penyewe."

Nikakaa kwenye kiti cha mama. Machozi yalinitoka, nami nilikuwa nacheka. Nikavuta pumzi.

"Mtoto wa nani wewe?" nikamfokea. "Nakuuliza, mtoto wa nani?"

Akacheka kwa raha, kisha akanitajia baba yake, na babu yake, na kijiji chao.