Nusu ya Baba

Kwa heshima na taadhima niliwatangazia wakazi wote wa nyumba yetu, yaani Mama na Mama Mdogo, kwamba enzi ya giza imekwisha. Kuanzia siku hiyo mtu angeweza kuanza kutazama video kwenye televisheni ya sebuleni, akaikatiza, akaiendeleza kwenye tableti au simu pale pale alipoishia. Seva ya familia imezinduliwa. Mama Mdogo akauliza kama seva ndiyo ile kompyuta kuukuu isiyo na mfuniko, iliyokuwa chini ya meza ya kupigia pasi ikipepewa na feni. Nikamjibu kwamba maswali yatapokelewa baadaye.

Nilikuwa likizo kutoka shule ya bweni, ambako kengele inakuamulia hata wakati wa kukohoa. Nyumbani hakuna kengele, na mimi bila kengele situlii. Nilipanga viatu vyote kwa ukubwa, nikavipangua. Nilificha mkasi wa Mama, kisha nikamsaidia kuutafuta kwa moyo wangu wote. Mikono ilikuwa inaniwasha.

Mama ni fundi cherehani, anashonea hapo hapo nyumbani. Baba ni dereva wa lori la safari ndefu. Walipoelewa seva inafanya nini, walijitungia utaratibu ambao hakuna fundi mitambo angeuwaza. Mama alitazama nusu ya kwanza ya kila sehemu ya tamthilia, akaisimamisha. Baba, popote alipoegesha lori, alifungua simu yake, akaanzia alipoachia Mama na kumalizia nusu ya pili. Kisha alipiga simu: Mama anamsimulia mwanzo, yeye anamsimulia mwisho. Niliwaeleza kwamba kila mmoja anaweza kutazama yote. Mama aliniangalia kana kwamba nimependekeza kila mtu awe anakula chumbani kwake.

"Sasa tutaongea nini?" akasema.

Kwa uvivu nilikuwa nimefungua akaunti moja tu ya watu wote. Kwa hiyo simu yangu nayo ilikuwa na mamlaka. Mchana mmoja, Mama alipokwisha kuacha tamthilia katikati, nilijilaza kitandani nikaisogeza hadi mwisho kabisa. Baba angekuta nusu yake imeliwa, angemshtaki Mama, Mama angekana, na mimi ningecheka hadi mbavu ziniume.

Sikujua kwamba asubuhi ile Baba alikuwa amemwambia Mama yuko kwenye foleni ya mpakani, mahali pasipo na mtandao, asimtarajie hadi atakapovuka.

Jioni Mama akafungua tableti, akakuta nusu ya Baba imeshatazamwa. Alipiga simu, haipatikani. Mama Mdogo, aliyekuwa akisubiri sketi yake ikunjwe pindo, akatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

"Mtandao wa kukupigia hana, dada. Wa tamthilia anao."

Mama alikanyaga cherehani, pindo likaenda upogo, akalifumua, akashona tena, likaenda upogo tena.

"Labda anatazama na mtu aliye karibu naye," akasema hatimaye. "Mtu ambaye hahitaji kusimuliwa."

Nilikuwa mlangoni. Kicheko nilichokiandaa tangu mchana nilikisahau. Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nilikwenda jikoni, nikafungua friji, nikaifunga. Nikatoka uani, nikarudi, nikaifungua tena, kana kwamba ujasiri huhifadhiwa humo.

Kesho yake Baba akarudi, shati limegandamana na mgongo. Mama alimkaribisha kama anavyomkaribisha mteja aliyekuja kupimwa suruali. Akamwekea chai, akamuuliza kama mtandao wa huko ulikuwa mzuri. Baba akasema alikwisha kumwambia haukuwepo. Mama akamsogezea tableti. Baba aliitazama muda mrefu, akaapa hajaiona sehemu hiyo, akaweka simu yake mezani ikaguliwe. Mama akasema yeye si polisi.

"Mke wangu, mwisho wake siujui. Niulize chochote."

"Hivyo ndivyo anavyosema anayeujua."

Nikiwa koridoni nilipata wazo ambalo wakati ule lilionekana la kipekee: niirudishe tamthilia katikati, waamini mtambo ulikosea. Nikairudisha. Lakini seva haikumbuki mahali mpaka uicheze kidogo, kwa hiyo nikaicheza.

Sauti sikuipunguza. Mwanamke wa kwenye tamthilia akaanza kulia mkononi mwangu, kwa kwikwi, nyumba nzima ikasikia.

Nikachungulia sebuleni. Baba alikuwa ameshika kikombe, Mama amekunja mikono, na kwenye tableti, ambayo hakuna aliyeigusa, alama ya pale video ilipoishia ilikuwa imerudi katikati.

"Injinia," Mama akaita. "Njoo hapa."

Niliingia na hotuba kamili kuhusu hitilafu za kitaalamu na joto la kompyuta. Nilifika hadi "Waheshimiwa." Kisha nikaona macho ya Mama yalivyovimba, na hotuba sikuiona tena.

"Ni mimi, Mama. Baba hakutazama. Niliisogeza jana, nilitaka tu mgombane kidogo nicheke. Na nilikusikia ukisema ana mtu. Nilikuwa mlangoni. Nikanyamaza."