Noeli Waliyosimama Nje

Kaka yangu Gebeyehu na mkewe Yeshimebet walikuwa wameishi pamoja tangu ujana wao, lakini kanisani hawakuwa wamefungwa ndoa. Kwetu wengi wako hivyo. Wazee wa pande mbili wanakaa, wanakubaliana, watu wanakula, maisha yanaanza. Ile ndoa ya Ushirika Mtakatifu, ambayo mume na mke wanapokea mwili na damu ya Bwana kwa pamoja na hawaachani tena mpaka kaburini, watu huisogeza mbele hadi nywele ziote mvi. Wanaiogopa. Ukishaifunga huna pa kutokea.

Kwa hiyo Yeshimebet aliposema, mwaka wa pili baada ya msiba, kwamba anataka waende kwa Noeli Lalibela, mji wa makanisa yaliyochongwa chini ndani ya mwamba, wakafungwe huko, kaka alilia kwa furaha. Nilimwona kwa macho yangu. Alidhani amesamehewa. Hata mimi nilidhani hivyo.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Misganaw, kijana aliyekuwa ameanza kuota ndevu. Vita vilipofika ng'ambo ya mto wetu, alitoka jioni moja kwenda kuwarudisha maksai wa kulimia waliobaki malishoni. Maksai walirudi wenyewe. Misganaw aliletwa asubuhi, amebebwa kwenye machela. Kaka aliendelea kulima na maksai walewale, maana mvua haimngoji aliyefiwa, na wifi yangu aliendelea kuwanywesha maji kila siku. Hakuna aliyemsikia akisema neno juu yao.

Tulisafiri watatu, kwa miguu, kama walivyokwenda wazazi wetu. Mimi nilikwenda kuwa shahidi wao. Tulikuwa kwenye mfungo, chakula chetu njiani kikawa shayiri ya kukaanga na mikate mikavu. Kule Lalibela alikuwa anatungoja Baba Weldesenbet, padri aliyetumika kijijini kwetu miaka mingi kabla ya kuhamia huko. Ndiye baba wa roho wa nyumba yetu, anayesikiliza maungamo yetu, na hakuna mwingine ambaye angeweza kuwafunga.

"Wifi," nilimtania kwenye mlima mmoja, "bibi harusi gani anapanda anahema namna hii?"

"Bibi harusi mwenye magoti mabovu," akasema. "Mwambie kaka yako anibebe."

"Nikikubeba tutazikwa wote hapahapa!" kaka akajibu, akacheka. Wifi hakucheka. Nikadhani ni uchovu.

Pale mahujaji wanapoingia mjini, watu wa Lalibela hukaa na mabeseni ya maji, wakiwaosha miguu wageni. Mama mmoja mnene, mchangamfu, aliukamata mguu wa Yeshimebet, akausugua vumbi lote, akaubusu.

"Karibuni, watu wa Mungu. Mmekuja na nadhiri gani?"

"Tumekuja kufunga ndoa ya Ushirika," kaka akasema, kifua mbele.

Yule mama akapiga vigelegele hadi watu wakageuka. Wifi akauvuta mguu wake kama aliyeguswa na kaa la moto, akasimama na kwenda zake, maji yakimchuruzika. Kaka alibaki anaomba radhi kwa niaba yake.

Kesho yake tulizunguka makanisani. Tulivua viatu mlangoni, tukabusu mwamba, tukashuka mashimo na kupanda, tukateremka hadi kijito wanachokiita Yordani kujinyunyizia maji. Kila tulipofika kaka alisujudu kifudifudi, akanong'ona jina la mtoto. Wifi alisali amesimama, shuka jeupe limemfunika mpaka machoni. Kuna njia moja ya chini ya ardhi baina ya kanisa na kanisa, giza tupu; watu huipita wakijikumbusha jehanamu, mkono mmoja ukutani na mwingine kwa mwenzao. Kaka aliingia amemshika mkewe mkono. Alitokea upande wa pili peke yake.

"Yeshimebet! Yeshimebet!" akawa anaita, anatweta.

Mzee mmoja aliyekaa juani akamcheka. "Tulia, bwana. Hapa ni Yerusalemu yetu, wake hawapotei. Labda amepata mume aliye bora zaidi humo gizani!"

Wifi akatokea, taratibu, anapangusa vumbi mabegani. "Mkono wako ulikuwa unatetemeka," akamwambia kaka. "Nikauachia."

Siku hiyo hiyo mchana tukamwendea Baba Weldesenbet. Alitupokea kwenye ua mdogo nyuma ya kanisa, akatunyoshea msalaba wake tuubusu, akauliza habari za kila mtu kijijini mpaka za mbwa. Kisha akauliza lile linaloulizwa wote kabla ya kuikaribia meza ya Bwana.

"Kuna kinyongo chochote, wanangu? Kuna mtu yeyote ambaye mmoja wenu hajamsamehe?"

"Hakuna, Baba," kaka akasema.

"Yupo," wifi akasema.

"Ni nani, binti yangu?"

"Huyu."

Kaka alitoa kicheko kifupi, cha mtu asiyesikia vizuri. "Mama Misganaw, unasema nini?"

"Nasema ulichosikia." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nimekungoja nyumbani, nimekungoja shambani, uniambie mwenyewe. Nikaona kule hutasema. Ndiyo maana nimekuleta hapa, mbele ya Baba, mahali ambapo hutathubutu kudanganya. Haya. Nani alimtuma mtoto?"

Kumbe hatukuja harusini. Tulikuja barazani, na mimi shahidi sikujua ni kesi gani.

"Mimi," kaka akasema. "Mimi nilimtuma."

"Hilo nalijua. Nilikuwa ndani naoka injera, nilikusikia. Nataka lile ambalo sikulisikia. Alikujibu nini?"

Kaka alimtazama padri, akanitazama mimi, dada yake, kana kwamba nitamwokoa. Nilitazama chini.

"Alisema, baba, milio ya bunduki inasikika, twende kesho. Nikamwambia, wewe ni mwanamume au ni nini? Akaenda."

"Na wewe kwa nini hukwenda?"

Tulisikia wanaofanya mazoezi ya nyimbo upande wa pili wa ukuta, ngoma na njuga zao.

"Niliisikia kabla yake," akasema. "Ile milio. Nilikuwa nimeshasimama niende, miguu ikakataa. Niliogopa, Yeshimebet. Niliogopa, nikamtuma yeye."

Wifi alikaa chini pale pale mavumbini. Hilo hakulijua. Baadaye aliniambia kwamba miaka yote miwili alimchukia kwa ukaidi wake, kwa kuwapenda maksai kuliko mtoto. Hofu haikumjia akilini hata mara moja. Baba Weldesenbet aliinama, akamshika kichwa, akamwombea. Kisha akasema, kwa huzuni, kwamba hawezi kuwafunga watu walio hivi. Kaka aliinuka, akatoka uani bila viatu vyake.

Usiku huo hakurudi kwenye hema la mahujaji tulimolala. Nilimtafuta asubuhi yote katikati ya maelfu ya mashuka meupe, nikimuulizia kwa kila mtu, hadi mtu akanielekeza kwenye vijipango vilivyochongwa katika ukuta wa mwamba, wanamoishi watawa. Alikuwa amejikunja kwenye kimoja, kitupu, kama mzigo uliosahaulika.

"Sirudi, dada," akaniambia. "Nitabaki hapa nisali mpaka nife. Mwambie wifi yako shamba ni lake, nyumba ni yake. Aolewe akitaka."

Nilikwenda kumwambia wifi. Nilitegemea atasema afadhali. Badala yake alifunga shuka lake kiunoni, akanitangulia, akapasua umati kama mtu anayekwenda kuzima moto. Alipofika hakumsalimia.

"Toka humo."

"Niache, mama. Hapa angalau namwomba Mungu."

"Unakimbia tena?" Sasa alikuwa anapiga kelele, watawa wakachungulia. "Siku ile uliogopa, ukamtuma mwanangu. Leo unaogopa, unataka kunituma mimi nirudi peke yangu kwenye nyumba ile? Nikakae na nani? Nimlilie Misganaw na nani, Gebeyehu? Nani mwingine anayemkumbuka alivyokuwa akilala amefumbata kidole gumba?"

Kaka akaanza kulia, kwikwi za mtoto.

"Utanisamehe?"

"Sijui. Usiniulize. Toka tu."

Akatoka. Alijigonga kichwa kwenye mwamba, damu ikamtiririka, na wifi akaipangusa kwa ncha ya shuka lake, kwa hasira, anasugua kama anasafisha sufuria.

Asubuhi ya Noeli hawakuingia. Walisimama nje, juu ya ukingo wa shimo la kanisa, pamoja na wote ambao kwa sababu zao wenyewe hawakuweza kuikaribia meza. Chini yetu makasisi waliyumba kwa mwendo mmoja, fimbo zao zikipanda na kushuka, wakiimba kwamba mtoto amezaliwa. Mama yule mnene wa mabeseni alituona, akaja mbio na mikono yake wazi.

"Enhe, maharusi! Mbona mko huku nje?"

"Bado hatujawa tayari," wifi akamjibu. Yule mama akamtazama vizuri, akafunga mdomo, akasimama nasi mpaka mwisho bila kuuliza jingine.

Njia ya kurudi ilikuwa ngumu kuliko ya kwenda. Kuna siku walitembea tangu alfajiri bila kusemeshana, na kuna mahali waligombana mpaka nikatamani kuwaacha. Lakini wakagombana kwa jina la mtoto, ambalo nyumbani kwao lilikuwa halitajwi. Kaka alimweleza kila kitu cha jioni ile, tena na tena, kila alipotaka kusikia.

Walikwenda Lalibela mwaka uliofuata pia. Baba Weldesenbet akauliza swali lake, na wifi akasema bado. Mwaka huu wanajiandaa tena. Juzi nilimkuta wifi anapepeta shayiri ya safari, nikamuuliza safari hii atajibu nini.

"Wifi," akasema, "ukitaka kusaidia, chukua ungo. Hutaki, nipishe nifanye kazi."

Nikachukua ungo.