Mlango wa Duka la Kasongo

Mwaka 1974 mvua zilikatika mapema. Kufikia Septemba, foleni ya unga wa njano pale sokoni Mwanga ilikuwa inaanza kabla hakujapambazuka, na wengi walirudi mikono mitupu. Kaka yangu Feliksi niliyeishi kwake, kiongozi wa mgambo wa mtaa wetu wa Bangwe kando ya ziwa, alikuwa amepoteza kibarua chake bandarini, na mwezi wa sita tulikuwa tumemzika mwanawe wa mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

Maneno yalianzia kwenye foleni. Kasongo, muuza dagaa ambaye baba yake alivuka ziwa kutoka Kongo, alisemekana ameficha unga dukani. Hakuna aliyeuona, lakini kila aliyesimulia aliongeza gunia moja.

Jumamosi asubuhi Feliksi alikuja karakana ya misheni, nilikofanya usafi, kuazima mtaimbo. Bruda Ansgari, Mjerumani mzee fundi wa useremala, akamuuliza wa kazi gani. Feliksi hakuficha: wa kuvunjia mlango wa Kasongo.

Bruda aliweka randa chini, akamwomba akae. Alisimulia taratibu, kwa Kiswahili chake kizito, kwamba alipokuwa na miaka kumi na tisa kiwanda cha chuma cha mji wao kilifungwa. Nchi nzima watu wapatao milioni sita walikosa kazi. Baba yake aliendelea kuvaa nguo za kazi kila asubuhi na kukaa jikoni mpaka jioni. Serikali moja ilianguka, ikaja nyingine, nayo ikapunguza hata msaada kidogo waliopewa wasio na kazi. Chama ambacho zamani watu walikicheka kikawa ndicho chenye kura nyingi kuliko vyote, kwa sababu kilitaja wa kulaumiwa. Wayahudi, kilisema.

"Walinipa supu, buti na shati," alisema. "Nikajiona mtu tena. Kisha wakanisimamisha mlangoni kwa fundi cherehani Myahudi aliyenishonea suti ya komunyo, nizuie wateja wasiingie. Alinisalimia kwa jina. Sikuitika."

Feliksi aliuliza yule fundi aliishia wapi. Bruda alisema miaka kadhaa baadaye walimchukua, yeye na mkewe na binti zao, na hawakurudi.

"Wewe uliwaona wakichukuliwa?"

"Nilikuwa dirishani."

Feliksi aliinuka, akajipangusa vumbi la mbao. Kisha akasema wanawe wawili waliobaki hawajala tangu juzi, akaondoka. Mtaimbo aliuacha pale pale.

Nilifurahi mapema mno. Wenzake wa mgambo walikuwa wanamsubiri, naye hakuwa na ujasiri wa kuwarudisha. Waliuvunja mlango kwa mawe. Ndani walimkuta Siwema, mke wa Kasongo, amelala mkekani na homa, na debe la unga lisilofika nusu. Dagaa walikuwa kidogo. Magunia hayakuwepo. Kasongo alisimama mbele ya mkewe, mikono wazi, akiwaambia wachukue wanachotaka ila wasimguse. Mtu akampiga jiwe la kichwa.

Waligawana unga ule pale pale. Feliksi alirudi nyumbani na unga wa vikombe viwili kwenye pindo la shati, akaniwekea mezani bila kunitazama. Nilijua umetoka wapi. Nikabandika maji, nikasonga ugali. Watoto walikula, na mimi nikala.

Alhamisi Kasongo, kichwa kimefungwa kitambaa, alimbeba mkewe hadi kwenye boti, wakavuka kwenda Kongo, nchi ambayo Siwema hakuwahi kukanyaga. Hakuna mtu wa mtaa aliyekwenda kuwaaga isipokuwa Bruda.

Wiki iliyofuata Feliksi alirudisha sare ya mgambo. Walipomuuliza sababu alisema mgongo unamuuma. Jioni ile alimpitia Bruda karakana, akamuuliza mtu anaishije baada ya jambo kama hilo.

"Vibaya," Bruda alimjibu. "Lakini usimfiche mtu ulichofanya. Waambie wanao."

Hakuwaambia. Nimewaambia mimi, baada ya mazishi yake.