Giaboksi ya Shangazi Awino

Giaboksi ya vani ya Shangazi Awino ilikufa mjini Hyattsville, huku ughaibuni tunakoishi, na vani hiyo ndiyo inayowapeleka wazee sita kusafishwa damu. Kuna fundi wa Rockville anayefufua giaboksi za otomatiki tu, kama hiyo. Lakini Kimutai, fundi wa kanisani kwetu, amemtengenezea breki bure miaka minne. Shangazi aliogopa kumuumiza, akanituma mimi mwenye mdomo nikamwambie kazi hii inaenda kwa mwingine.

"Ndugu Kimutai," nikaanza, "ukiifungua hiyo, nati zitakazobaki zitatosha kufungulia duka!"

Hakucheka. Alifuta mikono polepole.

"Mwambie shangazi yako ampelekee yule wa Rockville. Otomatiki sijawahi kufungua hata moja. Siku tatu hizi nimekuwa nikimwomba Mungu asinichague, maana kumkatalia ningeshindwa."

Kesho yake aliivuta vani mwenyewe kwa gari lake mpaka Rockville, bure tena. Mimi nilikaa kando yake, kimya njia nzima.