Kimraba cha Picha ya Zamani

Mama Pacha aliamka siku hiyo roho juu, na wala usimlaumu. Wiki ya tatu sasa ofisi yao ya kufuatilia mawe ya angani ilikuwa haina amani. Jiwe moja, kubwa kama uwanja wa mpira, lilikuwa na nafasi moja kati ya arobaini ya kuigonga dunia baada ya miaka kumi na minne. Tena hesabu zilishaonyesha na ukanda ambamo lingeangukia. Bintiye alikuwa anajenga humo humo.

"Mama, leo tunamwaga zege!" alimwambia kwenye simu, furaha tele. Mama Pacha akampa hongera, akakata simu. Ofisini hakumwambia mtu.

Sasa ilikuwa imepatikana picha iliyopigwa na darubini miaka tisa iliyopita. Kama kweli jiwe liko kwenye njia ya kugonga, lilipaswa kuonekana ndani ya kimraba kimoja kidogo cha picha hiyo. Likikosekana, tumepona. Utaratibu ni watu wawili waangalie, kila mtu chumbani kwake, waandike "lipo" au "halipo", kisha karatasi zifunguliwe pamoja.

Akakodoa macho. Patupu. Ashukuriwe Mungu! Akakodoa tena, na lo, pembeni palikuwa na kitone cha kijivu, hafifu mno.

"Vumbi hilo," akajiambia. "Litoke hapa!"

Vumbi! Mtu wa miaka ishirini na sita kazini hajui vumbi? Alijua fika silo. Lakini mkono ukaandika: halipo.

Mwenzake, waliyemwita Miwani, mtu wa mizaha hata msibani, alizifungua karatasi bila utani wowote. Yake ilisema: lipo.

"Dada, tumepishana," alisema. "Itabidi tusubiri jiwe lionekane tena mwakani."

"Na chombo cha kwenda angani kulisukuma?"

"Nani atakitengeneza kwa neno langu peke yangu? Kikichelewa mwaka, huenda kisiliwahi." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Ila macho yako yanashinda yangu, kila mtu anajua. Labda nimeona vumbi."

Mama Pacha aliivuta karatasi yake, machozi yakimlengalenga, akalikata lile neno kwa kalamu.

"Lipo, ndugu yangu. Nililiona. Mwanangu anajenga pale."