Joto la Florent

Jumapili, ibada ikishaisha na sufuria za pilau zikisharudishwa kwenye magari, tawi la Chama cha Wavujajasho la Alief, mtaa wa wahamiaji huku ughaibuni, lilikutana katika chumba cha nyuma cha kanisa. Wanachama walikuwa wamebaki wachache. Ajenda ilikuwa ileile ya mwaka jana, mwelekeo wa chama: kisogee katikati kipate kura, au kizidi kwenda kushoto kisipoteze roho yake.

Florent alichelewa. Alikuwa ametoka zamu, na joto la ghala likaingia pamoja naye. Lilikaa juu ya kiti chake tu, likayeyusha siagi ya jirani yake na kukausha chai kikombeni. Waliokaa mbali walivaa sweta kwa sababu ya kiyoyozi. Jedidah, katibu, aliandika kwamba amefika.

Alichotaka Florent hakikuwa kikubwa. Ghalani hakuna feni, mlango wa nyuma una kufuli, watu wanaanguka. Aliomba chama kije langoni Jumatatu, wadai pamoja, kabla mtu hajafa. Mogaka, mwenyekiti, nesi mwenye heshima zake, alisema hoja ni nzito, iwekwe kwenye shughuli nyinginezo. Na nani asiyejua kwamba shughuli nyinginezo hufikiwa watu wakishaanza kutafuta funguo za magari? Kikao kilifungwa kwa sala.

Ikawa hivyo kiangazi chote. Wa katikati waliwaita wa kushoto waotaji, wa kushoto wakawaita wenzao wauza chama. Maneno matupu hayavunji mfupa, lakini yanamaliza alasiri. Kiti cha Florent kilipoachia gundi, waliletewa cha chuma kutoka jikoni. Baadaye walimwomba kwa upole akae karibu na mlango, naye akakaa. Inauma kusema, lakini hakuna aliyemchukia.

Jumapili ya mwisho ya Agosti chumba kilikuwa baridi pande zote. Afadhali, walisema, leo tutafikiri vizuri. Na kweli wakapiga kura: chama kiende kushoto. Wakapigiana makofi. Jedidah aliandika kwamba Florent hakutoa udhuru.

Ndipo mke wake, Concilie, akaingia, amevaa kizibao cha ghalani cha mumewe, na joto lilikuwa juu ya mabega yake. Karatasi zilizokuwa mezani zikajikunja.

"Tulimzika Alhamisi," alisema. "Zamu yake sasa ni yangu. Kesho mtakuja?"

Florent alikuwa Mrundi, na Warundi wenzake walijua. Chama hakikuwa kimeuliza.

Mogaka alisimama, akaomba dakika ya ukimya, wakaitimiza yote, vichwa chini. Wawili walilia kwa dhati. Kisha akamgeukia mjane, uso umemlegea kwa huruma.

"Pole sana, mama. Hoja yako tumeipokea. Katibu, iweke kwenye shughuli nyinginezo."

Jedidah aliandika, halafu akaenda kumletea kiti cha chuma.