Madawati ya Kuazima

"Mjomba, umetuzika! Umetuzika tukiwa hai!"

"Punguza sauti, watoto wanasikia."

"Wasikie! Si ndio wanaofungiwa shule?"

Mwalimu mkuu, kaka wa mama yake Chaki, alikuwa kaikunja ile barua mara nne, utadhani ikiwa ndogo na habari yake itapungua. Walibanana ofisini, chumba kimoja na majembe na mafagio. Chaki, hivyo ndivyo watoto walivyomwita kijana huyu aliyemaliza sekondari juzijuzi akajitolea kufundisha hesabu, alishaikariri barua yote: wafadhili wamejionea wenyewe, shule ina madawati na vitabu vya kutosha, msaada unapelekwa kwingine.

Na kweli walijionea. Siku ya ugeni madawati arobaini yaliletwa kwa mkokoteni kutoka shule jirani, vitabu vyao juu. Jioni yakarudi kwao, watoto wakarudi chini sakafuni. Na mkaguzi alishasema: muhula ukiisha bila madawati, shule inafungwa, watoto wakasome ng'ambo ya mto.

"Nilitaka tuonekane watu," mjomba alisema. "Wageni niwaonyeshe watoto wamekaa vumbini?"

"Vumbi ndilo walilokuja kuliona, Mjomba!"

"Haya, na mkokoteni alisukuma nani? Si wewe, unacheka mpaka jino la mwisho?"

Chaki akanywea. Alisukuma safari tatu, na kila safari akajiona mjanja.

"Basi tuwaandikie tena," akasema, sauti imeshuka. "Tuseme ukweli. Wewe gonga muhuri tu, barua nitaipeleka mwenyewe, hata kwa miguu."

"Niliwapigia jana."

"Ukawaambia?"

"Kila kitu. Nimejivua nguo na mvi zangu hizi. Wameshagawa, mwanangu. Yule dada wa kwenye simu akaniambia, pole sana mzee."

Upande wa pili wa ukuta darasa la kwanza walikuwa wakiimba jedwali alilowaachia Chaki, mbili mara tatu, mbili mara nne, kwa nguvu zote kama wanagombana nalo.

"Wale wadogo hawatauweza ule mto," Chaki alisema.

"Najua."

"Nani atawaambia?"

Mjomba aliikunjua ile barua, akaikunja tena.

"Mimi siwezi, mwanangu. Nisamehe. Siwezi."

Chaki akajifuta uso kwa mkono wa shati, akatoka, akaufunga mlango, akaelekea kule walikokuwa wakiimba.